Kinachomfunga Msomaji Kisikunjwe

Katika desturi zote ambazo simu na tarakilishi zimetuletea, ni chache zilizoingia kimya na kukubaliwa bila ya mjadala kama hii ya maandishi yanayojificha na kujitokeza kwa kubonyezwa. Msomaji hufungua ukurasa akakuta kichwa cha habari, mistari miwili mitatu chini yake, na kishale kidogo kinachotazama chini au maneno "soma zaidi". Akigusa, aya nzima hutanda mbele ya macho yake, na akigusa tena hujikunja ikatoweka kana kwamba haikupata kuandikwa. Jambo hili kwa sura ni dogo, na yamkini wako watakaostaajabu kuliona limepewa nafasi gazetini. Lakini kwa kuwa mikopo, bima, nauli na bahati nasibu siku hizi hupitia katika kurasa za namna hiyo, mtu aliyekabidhiwa kuamua neno gani lionekane na neno gani lingoje kuguswa amekabidhiwa mamlaka juu ya mali na haki za watu, na mamlaka ya namna hiyo hayaachwi bila ya kusailiwa. Rai yangu ni kwamba kukunja maneno ni adabu njema madhali kilichokunjwa ni ziada kwa mwenye kuitaka. Bali kila neno linalomfunga msomaji, yaani lile linalomtoza fedha, linalomwondolea haki au linaloingia katika siri zake, halina ruhusa ya kukaa nyuma ya kitufe.

Insafu yataka tuanze na fadhila zake, kwani fikra hii haikubuniwa na matapeli. Tarehe 9 Disemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi wa Kimarekani Douglas Engelbart aliketi mbele ya hadhara iliyozidi watu elfu moja akawaonyesha mambo ambayo wengi wao hawakupata kuyaona: kipanya cha kuelekezea skrini, mazungumzo na mwenzake aliyekuwa mbali huku sura yake ikionekana, na, katikati ya maajabu hayo, orodha ya vitu vya kununua sokoni, ambayo aliipanga kwa mafungu, akayakunja mafungu hayo yakabaki majina yake tu, kisha akayakunjua kadiri alivyotaka. Mwaka mmoja kabla yake Ted Nelson, ndiye yule aliyeipa jina fani nzima ya maandishi yenye viungo mwaka 1965, alikuwa amekwisha kupendekeza maandishi yanayorefuka na kufupika kwa matakwa ya msomaji, hata mwenye haraka asome muhtasari na mwenye nafasi asome kitabu kizima, wote wawili katika ukurasa ule ule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Peter Brown wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, akatengeneza programu iliyoitwa Guide, ambamo neno likiguswa nafasi yake huchukuliwa na maelezo yake, na msomaji akitosheka huyarudisha ndani. Madhumuni ya watu hawa yalikuwa kumkabidhi msomaji hatamu, ili yeye ndiye akate shauri la kina cha kusoma kwake.

Nasi watu wa pwani hatukuhitaji kufundishwa na wahandisi kwamba si kila kitu huonyeshwa mlangoni. Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa juu ya hekima hiyo: mgeni asiyejulikana hukomea dakani, anayejulikana hupita tekani akaingia kiwandani, yaani katika ua wa ndani, jamaa hufikishwa msanani, na ndani kabisa hafiki ila wa ndani. Hakuna aliyepata kusema kwamba nyumba hiyo yamhadaa mgeni. Lakini mwenye nyumba hiyo akitaka kumuuzia mgeni shamba, hawezi kumtilisha saini dakani ilhali hati yenyewe ameiacha ndani, mahali ambapo mgeni haruhusiwi kuingia. Akifanya hivyo sitara imekwisha kugeuka kuwa hila.

Yafaa msomaji asiyekuwa fundi aelewe namna mambo haya yanavyotendeka, kwa sababu wengi hudhani kwamba maneno yasiyoonekana yako mbali, katika mtambo wa mwenye tovuti, yakingoja kuitwa. Aghalabu sivyo. Ukurasa ukifunguliwa, maandishi yote, yaliyo dhahiri na yaliyokunjwa, huwa yamekwisha kushuka ndani ya simu na bando limekwisha kukatwa. Kilichobaki ni amri fupi inayokiambia kivinjari kwamba aya fulani isionyeshwe, na amri nyingine, iliyoandikwa kwa kawaida katika lugha ya JavaScript ambayo Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliitunga mwaka 1995, inayosubiri kidole ili iitangue ile ya kwanza. Kwa hiyo msomaji amekwisha kulilipia neno asiloliona, na neno hilo limo mfukoni mwake. Asichokuwa nacho ni habari kwamba limo. Baadaye lugha ya HTML, ambayo kwayo kurasa zote huandikwa, ikapewa alama yake maalumu ya kazi hiyo, isiyohitaji JavaScript hata chembe, na kufikia mwanzo wa mwaka 2020 vivinjari vikuu vyote vilikuwa vinaielewa. Tangu hapo kukunja aya kumekuwa kazi ya dakika moja kwa mtu yeyote aliyejifunza misingi ya kutengeneza kurasa, na kazi ikiwa nyepesi hivyo, watu huitenda hata pasipo haja.

Ikitendwa kwa uzembe ina madhara ambayo fundi mwenye macho mazima hayaoni. Kipofu anayesomewa skrini yake kwa sauti huhitaji kuambiwa kwamba hapa pana kitufe, na kwamba kilichoko chini yake kimefungwa au kimefunguliwa. Fundi aliyetumia ile alama ya HTML amempa habari hiyo bila ya jasho, na fundi aliyeyapaka rangi maneno ya kawaida ili yafanane na kitufe amemnyima, naye kipofu atapita juu ya masharti yote asijue kwamba amepita. Anayechapisha ukurasa karatasini ili aupeleke kwa wakili hupata mara nyingi karatasi yenye vichwa vitupu, kwa maana mashine huchapa kinachoonekana. Anayetafuta neno "faini" kwa kile chombo cha kutafutia ndani ya ukurasa huweza kuambiwa kwamba halimo, ilhali limo; ni mwaka 2022 tu ndipo kivinjari cha Chrome kilipoanza kuyafungua chenyewe maandishi yaliyokunjwa kwa ile alama ya HTML pindi neno linalotafutwa likiwa ndani yake. Haya ni makosa ya ufundi, na fundi mwenye ari huyatengeneza kwa alasiri moja, kwa hiyo sitayakalia.

Serikali ya Uingereza, katika mwongozo inaowapa wanaotengeneza kurasa zake, imelikata shauri la nini kikunjwe na nini kisikunjwe kwa kanuni moja, kwamba kisikunjwe kitu ambacho wengi wa wasomaji watakihitaji. Ni kanuni nzuri, ila naiona haitoshi, kwa kuwa inapima haja kwa wingi wa watu; na sharti linalomtoa mjane mmoja katika kiwanja chake ni haja kubwa hata kama wasomaji elfu wengine halitawagusa maishani mwao.

Mwaka 2002 mahakama ya rufani mjini New York iliamua kesi ambayo kila mwenye kutunga masharti ya mtandaoni angepaswa kuihifadhi kwa moyo. Kampuni ile ile ya Netscape ilikuwa ikigawa bure programu ndogo ya kusaidia kupakua vitu. Watu walibonyeza kitufe wakaichukua, kisha baadhi yao wakaishtaki kampuni kwamba programu ile ilikuwa ikipeleka habari za nyendo zao mtandaoni pasipo wao kujua. Kampuni ikajibu kwamba wadai hawana njia ya kuja mahakamani, kwani masharti ya leseni yanawalazimu waende kwa msuluhishi. Masharti hayo yalikuwa wapi? Yalitajwa katika ukurasa ule ule, lakini chini ya kitufe, mahali pasipoonekana ila kwa mtu kuuteremsha ukurasa hadi skrini iliyofuata, na mtu mwenye haja ya programu, akiwa amekwisha kukiona kitufe, hakuwa na sababu yoyote ya kuuteremsha. Jaji Sonia Sotomayor, ambaye miaka saba baadaye aliingia Mahakama ya Juu ya Marekani, aliandika kwa niaba ya wenzake kwamba mtu hahesabiwi kuwa ameridhia sharti ambalo mwenye busara ya kawaida, akiwa mahali pake, asingejua kuwa lipo, na kwamba kubonyeza ili uchukue kitu si ikrari ya kukubali usichoonyeshwa. Netscape wakashindwa. Sijui kama kati ya mawakili wao yuko aliyekumbuka, siku ya hukumu, kwamba ni kampuni yao iliyoupa ulimwengu lugha ya kufunulia maneno.

Lakini New York ni mbali, na mkopaji wa Kisumu au wa Tanga hana wakili wa kumfikisha mahakama ya rufani kwa ajili ya mkopo wa shilingi elfu kadhaa. Kwa hiyo mimi hutegemea zaidi ushahidi wa huku kwetu, nao uko, na ni mzito kuliko hukumu ile. Katikati ya muongo uliopita CGAP, taasisi iliyo chini ya paa la Benki ya Dunia mjini Washington, ikishirikiana na watafiti wa Busara Center ya Nairobi, ilifanya jaribio nchini Kenya juu ya mikopo iliyotolewa kwa simu na kampuni ya Jumo. Masharti ya mkopo yalikuwapo tangu awali, wala hakuna aliyeweza kudai kwamba yamefichwa. Yaliwekwa kuwa kipengele cha mwisho katika orodha ya simuni, na aliyeyataka angeyafungua. Walioyafungua hawakufika mmoja katika kila kumi. Ndipo watafiti wakabadilisha mpango: kabla ya kuendelea, mkopaji akaletewa skrini inayomtaka achague mwenyewe ama kuyasoma masharti ama kuyapita. Walioyafungua wakapanda hadi karibu asilimia 24, yaani zaidi ya mara mbili ya wale wa mwanzo. Masharti yalibaki yale yale, riba ile ile, na mkopaji yule yule ambaye hakuna aliyempeleka darasani akafundishwa elimu ya fedha. Kilichohama ni kitufe. Kwa miaka mingi tumesikia wakubwa wakilaumu wananchi kwamba hawapendi kusoma, na kwamba dawa yake ni semina. Matokeo haya yaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa iko kwa anayeandaa skrini.

Najua hoja itakayotolewa. Watasema: hata baada ya kusaidiwa hivyo, watatu katika kila wanne bado hawakusoma, basi ya nini kuwachosha wafanyabiashara? Hoja hii ina ukweli ndani yake, na mwenye kuitoa asidharauliwe. Watu hawasomi masharti kwa sababu masharti huandikwa yasisomwe: kurasa nyingi, herufi ndogo, sentensi za kisheria zinazomzungusha hata wakili, na, kwa mkopaji wetu, katika nchi ambazo watu hukopeshana na kuapizana kwa Kiswahili, masharti mengi huja kwa Kiingereza, hata aliyegusa kishale akayafunua huwa amefunua pazia akakuta pazia. Lakini jawabu la maradhi hayo haliwi kuyaweka maneno mbali zaidi. Jawabu ni kutenga yale machache yenye uzito, yakaandikwa waziwazi, kisha yaliyobaki yakakunjwa kwa raha mustarehe. Kwa mkopo, mambo hayo hayazidi manne: kiasi kitakachopokewa, kiasi kitakachorudishwa, tarehe ya kurudisha, na kitakachotendeka tarehe hiyo ikipita. Chukua mkopo wa siku thelathini unaotozwa ada ya asilimia 7.5, kiwango ambacho wakopaji wa simu nchini Kenya walianza kukizoea mwaka 2012: aliyekopa shilingi 10,000 atarudisha 10,750. Habari hiyo yaingia katika mstari mmoja, hata katika skrini ya simu ya kitochi. Habari ya siku ya thelathini na moja nayo yaingia katika mstari mmoja, iwapo ada itatozwa upya, au jina la mdaiwa litapelekwa katika ofisi ya kumbukumbu za wakopaji. Na mimi, kila nikipitia kurasa za mikopo, huona kwamba mstari wa kwanza hupewa herufi nene na rangi ya kupendeza, na huu wa pili ndio unaopenda kulala chini ya kishale.

Wala hili si jambo tunaloazima kwa wageni. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, ni aya ya deni, na ndani yake mwandishi anaamriwa aandike kwa uadilifu, kisha inakuja amri ambayo wengi huisoma wakaipita: mwenye kutamka maneno ya kuandikwa awe ni yule aliye na deni juu yake, na akiwa ni dhaifu asiyeweza, basi msimamizi wake amtamkie. Tuitazame vizuri amri hiyo. Aliyetoa mali ndiye mwenye nguvu, naye angeweza kuachiwa aandike apendavyo. Lakini maneno yanawekwa katika kinywa cha anayefungwa nayo, hata isiwezekane kabisa afungwe na sharti ambalo yeye hakulijua. Skrini za leo zimeugeuza mpango huo juu chini: mkopeshaji huandika, hukunja, huweka kishale, na mdaiwa sehemu yake yote ni kidole gumba.

Iko na ile hadithi iliyopokewa katika Sahihi ya Muslim, ya Mtume kupita sokoni kwenye chungu ya chakula, akautia mkono wake ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali alipoulizwa alitoa udhuru kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Hakuambiwa kwamba chakula kilicholowa hakiuzwi. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu ili watu wakione. Naisoma hadithi hiyo na kuona kwamba hatia ya mfanyabiashara yule haikuwa ndani ya nafaka. Nafaka ilikuwapo yote, kavu na mbichi, na mnunuzi yeyote angeweza kuingiza mkono kama alivyoingiza Mtume. Udhuru huo huo, kwamba kila kitu kipo na mwenye kutaka angekigusa, ndio unaotolewa leo na kila mwenye kukunja masharti, na kwa hadithi hiyo umekwisha kukataliwa karne nyingi kabla ya umeme.

Redio zetu, nadhani, ndizo zilizotuzoeza ubaya huu kabla ya simu. Nani asiyelijua lile tangazo ambalo msomaji wake hutaja zawadi kwa sauti ya kutamba, polepole, neno kwa neno, kisha mwishoni akaropoka "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa kasi ya mtu anayekimbizwa? Vigezo gani, masharti yepi, ya kuzingatiwa na nani, hakuna ajuaye, na wala hatuulizi tena.

Ubaya wa kukunja huzidi pale unapokunja upande mmoja tu. Tarehe 6 Januari 2022 CNIL, mamlaka ya Ufaransa inayolinda taarifa za watu, ilitangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60. Kosa lao halikuwa kwamba walikataa kuwapa watu nafasi ya kukataa kufuatiliwa mtandaoni. Nafasi hiyo waliitoa. Ila aliyetaka kukubali alipewa kitufe kimoja mbele yake, akagusa mara moja akaenda zake, na aliyetaka kukataa alilazimika kufungua ukurasa wa ndani, akateua, akathibitisha, mguso juu ya mguso. Mamlaka ile iliona kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kumchosha mtu haikuwa ridhaa huru. Faini ilitajwa kwa mamilioni, na kampuni zikaagizwa ndani ya miezi mitatu zifanye kukataa kuwe kwepesi sawa na kukubali. Kenya ina sheria yake ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022, na zote mbili zinaitaja ridhaa ya mtu miongoni mwa misingi ya kutumia taarifa zake. Ningependa kuona siku moja zinaulizwa swali kama hilo la Wafaransa, hasa juu ya programu za mikopo ambazo, ndani ya ruhusa zilizokunjwa, hujipatia idhini ya kusoma orodha ya majina na nambari zilizomo simuni, hata mdaiwa akichelewa siku chache shemeji yake na mwajiri wake wakaanza kupigiwa simu.

Wenye mamlaka wetu hawakulala, na si haki kusema hivyo. Mwezi Oktoba 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwaamuru watoaji wa huduma za fedha kwa simu wamwonyeshe mteja gharama zote kabla hajaukamilisha muamala wake, na mwezi Machi 2022 zikatoka kanuni za Benki Kuu ya Kenya za kuwapa leseni na kuwasimamia wakopeshaji wa kidijiti. Upande wa pili wa mpaka, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wake mwaka 2024, na Novemba ya mwaka huo huo ikatangaza hadharani majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi pasipo idhini. Kadhalika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, imemhesabia mlaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na anachokinunua. Ile amri ya 2016 ina busara moja ninayoisifu kuliko zote, nayo ni kwamba ilitaja wakati: kabla ya muamala, si baada yake. Linalotakiwa sasa ni kuongeza mahali, kwa kuwa neno huweza kuwapo kabla ya muamala, katika ukurasa huo huo, na bado likawa mbali na macho, kama Netscape walivyothibitisha kwa hasara yao.

Na sisi wa magazeti tusijitoe. Matoleo yetu ya mtandaoni hukata habari katikati na kuweka "endelea kusoma" mahali ambapo maana haijakamilika, hata kichwa kikasema waziri amekana na aya iliyokunjwa ikasema amekana nini. Na tukikosea, sahihisho hukunjwa chini kabisa ya ukurasa, ilhali kosa lilipewa kichwa cha habari. Mhariri anayetaka kuwasema wakopeshaji juu ya jambo hili aanze kwa kufunua masahihisho yake.

Kwa mafundi vijana wanaotengeneza kurasa hizi mjini Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko, ambao wengi wao hupokea maagizo kutoka kwa mabwana wasiowaona, ombi langu ni jepesi. Kunjeni maelezo, kunjeni historia ya kampuni, kunjeni majibu ya maswali ambayo mtu mmoja katika mia ndiye atakayeyauliza, na mkifanya hivyo mtakuwa mmemrahisishia msomaji mwenye skrini ndogo na bando dogo. Lakini bwana akiwaambieni muuweke mstari wa ada ya kuchelewa chini ya kishale, mwulizeni sababu, na jawabu lake mliandike mahali.

Na kwa Benki Kuu zetu mbili, pamoja na mamlaka za ushindani na za kulinda taarifa za watu, naleta ombi la sentensi moja, iongezwe katika kanuni zitakapopitiwa tena: kwamba kiasi cha kurudishwa, tarehe ya kurudisha, adhabu ya kuchelewa na kila ruhusa ya kuingia katika simu ya mkopaji viandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi, katika skrini ile ile yenye kitufe cha "Nakubali", juu ya kitufe hicho, kwa herufi zisizopungua ukubwa wake, bila ya mkopaji kuhitaji kugusa kitu kingine chochote, na sharti lolote kati ya hayo litakalokutwa limekunjwa lihesabiwe kuwa halikuandikwa.